Kumbukumbu ya mradi: kuipachikia icoFoam joto

Haya wakuu, solva imekompail na inazunguka. Kwa mliokuja leo: nimechukua icoFoam, mojawapo ya solva (programu za kukokotoa) ndogo za OpenFOAM, ile programu huria ya kuiga mtiririko wa hewa na vimiminika, ambayo haijui kitu kinaitwa joto, naiongezea joto pamoja na nguvu ya kuelea ili hewa iliyopashwa upande mmoja wa boksi ipande yenyewe. Ndio najua buoyantBoussinesqPimpleFoam ipo na kazi hiyo inaifanya tayari, ila mi nataka kuona ndani kuna nini.

OpenFOAM ina matawi mawili makubwa, la ESI na la Foundation. Niko kwenye la ESI, maana kule kwa Foundation tangu toleo la 11 la 2023 solva nyingi zimegeuzwa moduli zinazoendeshwa na foamRun, na kwa kujifunza naona faili moja la .C linasomeka kirahisi zaidi.

Kuanza ni kukopi folda, kubadili majina, halafu kwenye Make/files unaweka FOAM_USER_APPBIN ili programu yako ikae kwako isiguse za mfumo, unapiga wmake (amri ya kukompail), basi. Kwenye createFields.H, faili linalosoma data za mwanzo, nimeongeza T (joto), na alpha (usambaaji wa joto), beta (utanukaji kwa joto), TRef (joto la rejea) na g (mvutano wa dunia) zinasomwa hapohapo. Mlinganyo wa joto ni ddt(T) + div(phi, T) - laplacian(alpha, T), phi ikiwa mtiririko unaopita kuta za seli, na unakaa baada ya luupu ya PISO inayopatanisha kasi na presha. Kwenye UEqn (mlinganyo wa kasi) upande wa kulia nimeweka -beta*(T - TRef)*g. Angalia hiyo alama ya kutoa: g inaelekea chini, kwa hiyo penye joto nguvu inageuka juu. Na vipimo usicheze navyo, OpenFOAM inakagua yuniti kama mwalimu wa fizikia wa fomu two, beta isipokuwa moja kwa kelvini inagoma palepale hata hesabu haijaanza.

Kesi nimeitoa kwenye cavity, mfano wa mafunzo wa boksi lenye kifuniko kinachosogea, sm 10 kwa sm 10. Kifuniko nimekisimamisha, na fixedWalls nimeipasua kwenye blockMeshDict (faili la gridi) kwa sababu kushoto, kulia na chini zote zilikuwa patchi moja (kipande kimoja cha mpaka) na mi nataka kushoto pawe moto, kulia baridi. Ongeza faili la 0/T lenye joto la kuanzia, div(phi,T) kwenye fvSchemes, na T kwenye fvSolution. endTime (muda wa kumaliza) nayo uivute sana, ile ya nusu sekunde haitoshi kitu, joto kupenya sm 10 za hewa kwa kusambaa tu ni mamia ya sekunde.

Sasa patamu ni hapa: utajuaje haikudanganyi? Picha za rangi zinapendeza hata jibu likiwa bovu. Kipimo ni namba za de Vahl Davis za 1983, hewa kwenye boksi la mraba: wastani wa Nusselt (joto linalopita ukilinganisha na kusambaa tu) ni 1.118 kwa Ra 1000 (namba ya Rayleigh, nguvu ya kuelea dhidi ya mnato na usambaaji wa joto), 2.243 kwa 10,000, 4.519 kwa 100,000 na 8.800 kwa milioni. Mi nabadili tofauti ya joto tu, na aisee nyuzi 10 kwenye boksi dogo hivi zinatosha kukufikisha karibu milioni. wallHeatFlux, zana ya kupima joto linalopita ukutani, haifai kwa solva hii kwa sababu inadai modeli ya thermo (sifa za joto za hewa), kwa hiyo nachukua snGrad ya T, yaani joto linavyobadilika ukitoka ukutani, kwenye ukuta wa moto, natafuta wastani kwa eneo.

Ra ndogo zinakaa fresh hata kwa gridi ya 20 kwa 20. Milioni hapana, na sababu inaonekana: tabaka la joto ukutani ni kama sehemu moja ya tisa ya boksi, yaani seli mbili tu ndo zinabeba mzigo wote. Nimeenda 80 kwa 80 na simpleGrading ikibana seli kutani, namba ikasogea inakotakiwa.

Kinachonikera bado ni presha. Kuta za juu na chini p (presha) iko zeroGradient, yaani haibadiliki kuelekea ukutani, wakati nguvu ya kuelea haijaisha pale, kwa hiyo kinachofuata nahamia p_rgh (presha iliyoondolewa uzito wa hewa) na sharti la ukutani la fixedFluxPressure, halafu narudia Ra zote nne.