Mwanga mgumu, ndege mtulivu: ninavyopiga picha Mabamba na Kibale

Uganda ina aina zaidi ya 1,000 za ndege, kwa hiyo kumpata ndege si kazi. Kazi ni jua. Hapa kwetu karibu na ikweta jua halijivuti. Entebbe linachomoza kwenye saa moja kasorobo, na ikifika saa tatu limeshakuwa kali kiasi kwamba mgongo wa ndege unang'aa na tumbo lake ni giza tupu. Ukilikimbia ukaingia msituni, unakuta usiku haujaisha.

Kamera yangu niliinunua mkononi, na lenzi ni ya milimita 400 yenye tundu la f/5.6. Lenzi ya f/2.8, yenye tundu pana zaidi, ingeingiza mwanga mara nne zaidi, sikatai, ila bei yake ni ya kiwanja. Basi nikaanza kuutafuta mwanga kwingine: kwenye utulivu wa ndege mwenyewe. Ndege akitulia, shata (pazia la kamera linaloruhusu mwanga kuingia) inaweza kukaa wazi muda mrefu zaidi, na huo ndio mwanga wa bure.

Hilo nililielewa vizuri Mabamba, kwenye kinamasi cha Ziwa Victoria kilichoingizwa mwaka 2006 kwenye orodha ya Ramsar, ya ardhioevu muhimu duniani. Ukitoka Entebbe unavuka kwa pantoni pale Nakiwogo hadi Buwaya, unachukua boda, kisha mtumbwi. Kila mtu anamfuata korongo nyangumi, ndege mkubwa wa kijivu mwenye domo nene, na huyo kwa kusimama hana mpinzani. Anaweza kukaa kando ya maji muda mrefu sana bila hata kugeuza shingo, akimvizia kamongo. Zamani wavuvi walimwona kuwa ni mkosi, na sishangai, maana yeye na wao wanawinda samaki yuleyule.

Kwa hiyo pale anayetikisika ni wewe, si ndege. Mzee aliyenipeleka anaongea Kiswahili cha kuchanganya na Kiganda, na nilipomwomba autulize mtumbwi alinielewa haraka kuliko nilivyotarajia.

"Mzee, mtumbwi unacheza. Tunaweza kuutuliza?"

"Ngoja, ssebo," yaani bwana. "Wewe usisimame tu."

Akauingiza mtumbwi ubavu kwa ubavu ndani ya mafunjo, akachomeka upondo kwenye tope upande wa pili na kuuegemea kwa uzito wake wote. Mtumbwi ukabanwa katikati, kimya. Mimi nikakaa chini kabisa, viwiko juu ya magoti, nikashusha shata hadi 1/160 ya sekunde. Kwa lenzi ndefu kama ile, kwenye maji, mtu angekuambia usithubutu. Picha zilitoka kali hadi mistari ya lile domo inaonekana.

Ilikuwa inakaribia saa tano, na mwanga ulikuwa mbaya kweli. Mafunjo nyuma yake yalikuwa meusi, utosi wake unawaka, na chini ya domo kivuli kizito. Kamera haijui inatazama nini. Inataka wastani wa kila kitu uwe kijivu, hivyo ikiona giza nyingi inaongeza mwanga na kuunguza kichwa cha ndege. Mimi napima kwa nukta moja, pale karibu na jicho, na nyuma kukizama nakuacha kuzame. Kivuli unaweza kukiinua baadaye kwenye kompyuta kama umepiga faili ghafi (RAW), ambayo kamera haijaichakata. Weupe uliokwisha kuungua haurudi. Kwa yangeyange aliye mbele ya mafunjo nashusha stopu moja (yaani mwanga nusu) hata zaidi. Kwa mnandi mweusi aliye juu ya tawi, mbingu nyeupe nyuma yake, napandisha moja na nusu au mbili. Na kama ndege yuko mbali na hewa juu ya maji inachezacheza kwa joto, sipigi kabisa, kwa sababu hiyo hakuna lenzi inayoiweza.

Korongo nyangumi akivamia ni habari nyingine. Anajiangusha mzimamzima, mabawa wazi, halafu anainuka na domo lililojaa magugu na kuyatema huku samaki kambana. Hapo 1/160 ni takataka. Kitufe cha kuzungusha juu ya kamera yangu kina nafasi mbili za kuhifadhi mipangilio: moja ya kusubiri, nyingine ya 1/1600 na ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) ijipange yenyewe. Kidole kinakaa hapo muda wote.

Kibale, msitu wa hifadhi magharibi mwa Uganda, ni kinyume chake. Pita wa kifua kijani, ndege mdogo wa msituni, anacheza ngoma yake alfajiri, kwa hiyo unaingia msituni gizani pamoja na askari wa wanyamapori. Wangu nilimwita Amooti, kwa heshima ya empaako (jina la heshima na upendo la watu wa huko), na sharti lake la kwanza lilikuwa flashi ikae mkobani. Hata bila sharti, sioni raha ya kumpofusha ndege anayetafuta mwenza.

Pita anaruka wima kutoka kwenye tawi, mabawa yanatoa mlio mfupi, kisha anatua palepale. Watu wengi wanahangaika na ule mruko. Kwa f/5.6 alfajiri, usahau. Mimi nilimwacha aruke, nikahesabu kimoyomoyo, nikapiga baada ya kutua, pale anapotulia kabla ya kuruka tena. ISO 6400, shata 1/40, kamera juu ya stendi ya mguu mmoja, picha nne au tano mfululizo. Mara nyingi ya kwanza hutikiswa na kidole changu, na ya tatu ndiyo kali. Chengachenga, zile punje zinazoletwa na ISO kubwa, zipo, lakini programu inazipunguza. Picha iliyotikisika haina dawa. Tena kwa kamera yangu, kupandisha ISO palepale kunaleta chenga chache kuliko kupiga giza na kuja kuivuta nyumbani.

Kuna jambo dogo la rangi. Chini ya miti ile kila kitu kinakuwa kijani, hata wekundu wa tumbo la pita unapauka. Napiga karatasi nyeupe papo hapo, kisha narekebisha rangi za picha nyingine kwa kuifuata hiyo.

Siku hizi nahangaika na shorobo wakubwa wa buluu wa bustani ya mimea ya Entebbe. Wanapenda vilele, na kila ukiinua lenzi unakutana na mbingu nyeupe. Kupandisha stopu mbili kunaokoa ndege, ila mbingu inakuwa kama karatasi. Kinachonifaa zaidi ni mteremko wa bustani yenyewe kuelekea ziwani: nasimama upande wa juu hadi nilingane na vilele vya miti ya chini, na nyuma ya shorobo kunakuwa na majani. Siku ya wingu jembamba ndiyo nzuri kupita zote.