Walimchukua Shetani, Wakamwacha Mama

Shangazi yangu hakuwa mpenzi wa filamu za kutisha, lakini kulikuwa na moja aliyoiheshimu kwa dhati, nayo ni The Exorcist ya mwaka 1973, ambayo William Friedkin aliiongoza kutokana na riwaya ya William Peter Blatty. Aliitazama kwa mara ya kwanza katika kipindi ambacho binti yake mdogo alikuwa akipelekwa kwa daktari huyu na yule bila ugonjwa wake kujulikana, na tangu hapo hakuihesabu kuwa hadithi ya shetani. Kwake ilikuwa hadithi ya mama ambaye mtoto wake anaharibika mbele ya macho yake, na wataalamu wote wanamaliza maneno.

Kwa hiyo jioni niliyomletea diski ya sehemu ya pili, Exorcist II: The Heretic ya mwaka 1977, alifurahi kuliko nilivyotarajia. Binamu yangu alikwisha kupona na kuwa mtu mzima, na nadhani shangazi alitaka kumwona Regan, yule mtoto aliyeingiwa na pepo katika filamu ya kwanza, naye akiwa amekua, mama yake akiwa pembeni. Alisisitiza tuanze na ile ya kwanza, tusije tukaingia katika ya pili tukiwa tumesahau nani alimfia nani.

Tukaiangalia yote. Ilipofika sehemu ya vipimo hospitalini, pale sindano inapoingizwa shingoni mwa mtoto na damu ikaruka, shangazi aligeuza uso, ingawa baadaye hakugeuka hata kidogo shetani alipoanza kutukana. Katika chumba cha Regan pumzi za mapadri zinaonekana zikitoka kama moshi, na ni pumzi halisi, kwa kuwa Friedkin alikifanya chumba kile kuwa baridi kama friji. Mwishoni padri Karras, ambaye muda wote ameteswa na majuto ya kifo cha mama yake mzazi, anamtaka pepo amwingie yeye, kisha anajitupa dirishani ili mtoto apone. Shangazi alinyamaza, halafu akaniambia niweke ya pili.

Dakika chache tu zilitosha kumtia wasiwasi. Regan sasa ni kijana anayeishi New York, katika nyumba iliyo juu sana ghorofani, na anayemtunza ni Sharon, yule msaidizi wa zamani wa mama yake. Mama mwenyewe hayupo. Ellen Burstyn alikataa kurudi katika nafasi hiyo, na hadithi ikamwondoa kwa maelezo mepesi kwamba yuko mbali kikazi.

"Mama yake yuko wapi?" shangazi aliuliza. Nikamjibu kwamba huenda atatokea mbele. Akauliza tena wakati Regan na padri Lamont, ambaye Richard Burton anamwigiza, walipofungwa kichwani mikanda ya mashine yenye taa inayomweka-mweka, ili mmoja aingie katika njozi za mwenzake. Ninalikumbuka vizuri tukio lile: kliniki yenye kuta za vioo, mlio unaojirudia, taa ikiwaka na kuzima, na nyuso za waigizaji wazuri ambao hawakupewa jambo la kufanya. Baadaye kidogo Regan anamweleza msichana mwingine pale kliniki kwamba aliwahi kuingiwa na pepo, kisha anamtuliza kwamba mambo ni shwari, ameshatoka. Mateso yote tuliyokuwa tumeyaona saa mbili nyuma yakamalizwa kwa sentensi mbili!

Kisha safari ya Afrika, kufuata habari za mtoto aitwaye Kokumo aliyekuwa na uwezo wa kuwazuia nzige. James Earl Jones anamwigiza Kokumo akiwa mtu mzima. Kwanza tunamwona amevaa mfano wa nzige kichwani, halafu tunakuta kumbe ni mwanasayansi anayewachunguza wadudu hao. Shangazi alivumilia hata hayo. Kilichomuuma ni kwamba Lamont alitumwa kuchunguza kifo cha padri mzee Merrin, aliyempunga pepo pamoja na Karras katika ile ya kwanza, huku Karras, aliyeutoa uhai wake, akiwa kama hakuwahi kuzaliwa. "Na yule aliyejitupa, mwanangu, hakuna hata wa kumtaja?"

Baadaye nilisoma kwamba mwongozaji John Boorman alikuwa amepewa nafasi ya kuongoza filamu ya kwanza akaikataa, kwa kuwa aliiona ni ukatili dhidi ya mtoto, na kwamba alikusudia hii ya pili iwe jibu lake, filamu ya wema. Namheshimu kwa nia hiyo, na sikubaliani na wanaosema alikuwa akitafuta fedha tu. Lakini mtu anayeichukia hadithi anawezaje kuiendeleza? Blatty hakuwamo, Friedkin hakuwamo. Watazamaji wa Marekani waliicheka kumbini, na Boorman akalazimika kuikata upya ikiwa tayari inaonyeshwa. Sisi hatukucheka, kwa sababu shangazi alikuwa amevunjika moyo kweli, na mimi nilianza kuelewa anachokidai: watengenezaji walimchukua pepo, wakampa jina, historia na makundi ya nzige, wakadhani ndiye aliyewaleta watu, ilhali watu walikuja kwa ajili ya mama na kwa ajili ya padri mwenye majuto. Pepo bila watu hao hana wa kumtesa, na sisi hatuna wa kumwogopea.

Wiki iliyofuata nilimletea The Exorcist III ya mwaka 1990, ambayo Blatty aliiongoza mwenyewe na kuipuuza kabisa sehemu ya pili. Humo mpelelezi Kinderman na padri Dyer wanakwenda sinema pamoja katika kumbukumbu ya siku aliyokufa Karras, kila mmoja akijidai anakwenda ili kumchangamsha mwenzake. Ibada ya kupunga pepo iliyo mwishoni iliongezwa kwa shinikizo la studio, na inaonekana wazi kwamba imepachikwa. Tulipofika hapo shangazi alichukua rimoti, akarudisha nyuma hadi kwa wale marafiki wawili, tukaangalia upya kutoka pale.