Siku Mama Stoo Alipojaribu Toroli kwa Maji

Kazi yangu kiwandani ilikuwa mizani. Alizeti ikiingia naipima, mashudu yakitoka nayapima, na mapipa ya mafuta yakipakiwa nayahesabu. Kiwanda chenyewe kilikuwa Kizota, hapa Dodoma, wala si kikubwa: mashine za kukamua, chujio, ghala la mabati, na jukwaa la zege lenye kimo sawa na bodi ya Fuso. Kutoka ghalani kupanda jukwaani palikuwa na mwinamo, na hapo ndipo toroli la mapipa lilipotumika zaidi.

Pipa la chuma la lita 200 likiwa tupu halifiki kilo 25, unaliviringisha ukipiga stori. Likijaa mafuta ya alizeti linakaribia kilo 200. Toroli letu lilikuwa na magurudumu mawili ya upepo, meno mawili ya kuingia chini ya pipa, na ndoano iliyopanda na kushuka kwenye nguzo ya kati. Ndoano inashika ukingo wa juu wa pipa. Unakanyaga ekseli kwa mguu mmoja, unavuta mikono ya toroli kwa uzito wa mwili, pipa linainuka na kulala. Likishalala sawasawa, uzito wote uko kwenye magurudumu na mikono yako inaongoza tu. Mtu akitoka jasho kwa kulisukuma kwenye sakafu tambarare, ujue kuna kitu hakijakaa vizuri.

Ilikuwa 2017, mwezi wa kumi, jua la Dodoma likiwa halina huruma. Serikali ilikuwa inahamia, kila mtaa unajengwa, na mafundi wa kuchomelea wamezidiwa na oda za mageti na madirisha. Katikati ya hayo, ndoano yetu ikakatika. Kwa maoni yangu ndoano ya toroli haifai kuchomelewa hata kidogo, inunuliwe nyingine. Lakini nyingine ilikuwa Dar, na Fuso la kuchukua mzigo lilikuwa limeshaingia getini. Fundi akapewa kazi asubuhi, akakunja kipande cha nondo kwa kukadiria na macho, akakichomelea na kukipaka rangi nyeusi. Ilipendeza, sikatai.

Vibarua wakalijaribu kwa pipa tupu, likainuka bila tabu. Dereva akapiga makofi. "Haya wazee, tupakie, nataka giza linikute Morogoro."

Mama Stoo akasema hapana.

Tulimwita hivyo wote, mpaka tajiri. Alikuwa mama wa Kigogo, mpole kwa sauti, ila funguo za ghala zilikuwa kiunoni mwake na hakuna aliyewahi kuziomba mara mbili. Akainama kwenye ndoano, akapitisha ukucha kati ya chuma na ukingo wa pipa. Ukucha ukapita. Ndoano ilikuwa imeshika kwa ncha tu.

"Jazeni maji pipa lile," akasema, akionyesha pipa kuukuu lililobaki na vizibo vyake viwili.

Hapo ndipo zogo lilipoanza. Maji lita 200, Dodoma, mwezi wa kumi! Bomba lilikuwa linatoka kwa mgao na tangi letu lilikuwa nusu. Dereva akamfuata, akiwa amevua kofia.

"Mama yangu, shikamoo. Hayo maji ya kuchezea si bora mtupe sisi tuoge?"

"Marahaba, mwanangu. Mtaoga. Maji ni mazito kuliko mafuta. Toroli likiyaweza haya, mafuta yako litayabeba. Likishindwa, bora nideki maji."

Lilijazwa kwa ndoo. Kibarua aliyezoea toroli akaingiza meno, akashusha ndoano. Mama akamwelekeza kwanza: nyuma yako pasiwe na ukuta wala mtu, mguu mmoja nyuma, na pipa likichomoka usilidake. Kibarua akakanyaga ekseli, akavuta. Pipa likainuka upande mmoja, kiasi cha kiganja, kisha tak! Ndoano ikaruka. Pipa likarudi kwa kishindo kwenye kitako chake na maji yakachuruzika kwenye kizibo kilicholegea. Mikono ya toroli ikamfuata kibarua kifuani, akapepesuka hatua kadhaa na kuishia kukaa juu ya magunia ya mashudu. Utingo alishanyoosha mikono kulizuia pipa.

"Liache!" Mama akafoka. Sikuwahi kumsikia akifoka kabla ya siku hiyo.

Dereva akavaa kofia yake akaenda kukaa kivulini.

Fundi akaitwa tena, safari hii aje na jenereta yake na grenda, apimie kwenye pipa lenyewe. Wakati anakata na kukunja upya, Mama hakutuacha tukae. Tairi la kushoto lilikuwa limelegea. Tukalikuta na mwiba wa mgunga, ugonjwa wa kila gurudumu la mji huu. Tairi moja likipungua upepo toroli linainama, na pipa lililojaa halihitaji kuombwa mara mbili kwenda upande huo. Tukaziba, tukajaza upepo kwa pampu ya baiskeli. Kwenye beringi, grisi ya zamani ilishachanganyika na vumbi ikawa kama msasa. Mimi nilitaka kuongeza mpya juu yake. Mama akanipa kitambaa na mafuta ya taa: futa kwanza yote. Akagusa kila nati, akabadilisha pini ya ekseli iliyochakaa.

Jaribio la pili, ukucha haukupita. Pipa la maji likalala, likatembea, likapelekwa kwenye mwinamo. Kupanda, mtu anatangulia kinyumenyume na pipa linafuata chini yake. Kushuka, pipa linatangulia. Mtu anabaki upande wa juu siku zote, na hakuna anayesimama chini. Akaamuru lipande na kushuka tena, huku dereva akitazama saa kila dakika.

Tulianza kupakia jua linazama, tukamaliza baada ya Isha kwa mwanga wa taa za Fuso. Dereva na utingo wakaoga kwa maji ya pipa lile, wakalala palepale kiwandani, wakaondoka alfajiri.

Kesho yake fundi akaja kudai pesa ya kazi mbili. Mama akafungua daftari, akamlipa kazi moja na diski ya grenda. Fundi akalalamika mpaka getini. Mama akaniambia niandike pia lita 200 za maji kwenye matumizi ya stoo, tajiri akiuliza aulizwe yeye.