Usaili wa igizo lenye dansi ya tapu: wanasikiliza miguu yako

Dodoma haina uhaba wa waimbaji. Ukichukua watu kumi kwenye kwaya za parokia na sharika, utapata wanaosoma sol-fa bila kubabaika na wanaoshika sauti ya tatu peke yao. Kwa hiyo kikundi cha maigizo kikitangaza usaili wa igizo la muziki, sehemu ya kuimba haimtishi mtu. Kinachowarudisha watu nyumbani ni ule mstari unaosema kutakuwa na tapu, dansi ya viatu vyenye vibati kwenye ncha na kisigino.

Mwalimu wa tapu anasaili kwa masikio kuliko macho. Anayepiga milio minne safi, yenye nafasi sawa, humpita anayerusha ishirini inayokanyagana. Jambo hili si geni huku kwetu: aliyekulia karibu na ngoma za Kigogo anajua njuga za miguuni zinavyomwumbua mchezaji anayekimbiza mapigo. Na tapu yenyewe ina mizizi ya Afrika. Walioikuza ni Wamarekani weusi, wakichanganya uchezaji wa Kiafrika na dansi za miguu za Waayalandi na Waingereza. Kule South Carolina, baada ya uasi wa watumwa wa Stono mwaka 1739, sheria ya 1740 iliwakataza watumwa kupiga ngoma. Makofi, mapaja na nyayo vikabeba mapigo.

Hatua za kuingia nazo ni chache. Shafuli ni milio miwili: unafagia sakafu kwa sehemu ya mbele ya unyayo kwenda mbele, kisha unafagia kurudi. Flapu nayo ni milio miwili, ila ule wa pili ni kukanyaga. Tofauti yake ni uzito, na hapo ndipo wengi wanapopotea. Ukimaliza shafuli, mguu uliopiga uwe bado hewani. Ukimaliza flapu, umesimama juu yake. Anayetua chini baada ya shafuli hujikuta hatua inayofuata inadai mguu ambao tayari umebeba mwili, anasita nusu pigo, na kundi limeshamwacha.

Shafuli hutoka kwenye kifundo cha mguu kilicholegea, goti likiwa limekunjwa kidogo. Ukirusha paja zima, mlio wa pili unachelewa na badala ya "taka" tunasikia "taa-ka". Ukiegemea nyuma, kisigino kinagonga bila kualikwa. Weka uzito mbele ya unyayo, kiasi kwamba karatasi ingepita chini ya visigino.

Kisha jifunze taimustepu ya kawaida, maana walimu wengi huitumia kuchuja: shafuli ya kulia, ruka kwa kushoto, kanyaga kulia, flapu ya kushoto, kanyaga kulia. Hesabu yake ni "nne-na, moja, mbili, na-tatu, na". Hiyo ni milio 7, na sasa mguu wa kushoto uko huru kuanza upande wake. Kama hauko huru, umeruka kwa mguu usio wake au flapu yako haikubeba uzito. Mpangilio wa kawaida ni kuirudia mara 6 ukibadilisha upande, kisha breki, yaani hatua ya kufungia, ya baa 2, jumla baa 8 (baa moja ni mapigo manne, na kila taimustepu ni baa moja). Anza polepole sana na metronomu ya simu, yaani programu inayogonga mapigo sawa, na usiongeze kasi mpaka milio yote 7 isikike. Kasi ni ya mwisho kabisa.

Viatu visikukwamishe. Kwenye mitumba ya Majengo au Soko la Machinga tafuta moka au kiatu cha kamba chenye soli ngumu ya ngozi. Soli ya mpira haitoi mlio. Kikubane kidogo, kwa sababu kiatu kinachopwaya hutoa mlio wa pili ambao hukuupiga. Fundi anaweza kukukatia vibati vya alumini ya milimita 2 au 3, kingo zipigwe tupa hadi ziwe mviringo, na vichwa vya skrubu vizame ndani ya kibati. Pima unene wa soli kwanza: skrubu ndefu itakuchoma unyayo. Mwambie pia abandike mpira mwembamba nyuma ya kibati cha mbele, soli iwe sawa na usiteleze. Beba bisibisi siku ya usaili, kwani skrubu hulegea na kibati kikaanza kuchakacha.

Sakafu ni suala kubwa zaidi, maana kumbi nyingi hapa ni saruji au vigae. Saruji haina mnyumbuko. Ukiichezea kila siku, mifupa ya mbele ya miguu itauma, na maumivu hayo hayaishi kwa kuvumilia. Kigae kinateleza vibaya. Nunua plaiwudi ya milimita 18, iweke juu ya mbao za mbili kwa mbili zilizopangwa kila sentimita 40, chini tandika zulia kuukuu. Ile nafasi ya hewa ndiyo inayotoa mlio mnene. Vumbi letu nalo hugeuza ubao kuwa utelezi: fagia, futa kwa kitambaa chenye unyevu, subiri ikauke.

Kwa uimbaji, andaa kipande cha wimbo cha baa 16 na kingine cha baa 32, na mpe mpiga kinanda nakala yenye "Doh ni F" au ufunguo wowote ulioufanyia mazoezi. Anza kunywa maji tangu asubuhi. Hewa kavu ya hapa hukausha koo. Jizoeze kuimba ukipiga shafuli, uone pumzi inakatikia wapi.

Siku yenyewe mtafundishwa kipande kifupi, kisha mtaitwa wawili au watatu. Simama unapoona miguu ya mwalimu. Akisema, nyamazisha viatu vyako kabisa. Anayegonga-gonga wakati wenzake wanasikiliza hukumbukwa, lakini vibaya. Ukipotea, usisimame wala usiutazame mguu: baki na uzito mbele, subiri "moja" inayofuata, ingia. Mistari ikibadilishwa, wa mbele mkaenda nyuma, usishtuke. Wanaangalia nani alikuwa anamfuata jirani.

Kwenye fomu, andika tarehe zote usizopatikana, zikiwemo za kwaya na safari za kijijini. Mazoezi ya tapu hupangwa kwa milio ya kundi zima, na pengo la mtu mmoja linasikika.