Setilaiti zilizokufa ndo zinanitisha zaidi

Ishu ya taka za angani ikitajwa wengi wanawaza vile vipande vidogo vidogo, mi nawaza yale madude makubwa yaliyokufa yanayozunguka huko juu bila mtu wa kuyaongoza.

Angalia ajali ya tarehe 10 Februari 2009, juu ya Siberia, kama kilomita 790 kutoka ardhini. Setilaiti Iridium 33 ya Marekani ilikuwa nzima inapiga kazi, Kosmos 2251 ya Urusi ilishakufa miaka mingi nyuma, zikakutana kwa kasi ya zaidi ya kilomita 11 kwa sekunde na zote zikasambaratika, vipande vya kuonekana na rada peke yake vikapita 2,000. Kinachoniuma ni kwamba makadirio ya siku ile yalionyesha zitapishana kwa mita 584, na kuna nyingine zilitegemewa kupishana karibu zaidi ya hapo, kwa hiyo Iridium ikaachwa kwenye njia yake.

Ndo maana mtu akiniambia dawa ni kukwepa tu sikubali kabisa. Ili ukwepe lazima ujue kitu kiko wapi kwa uhakika, halafu angalau moja iwe hai na ina mafuta. Zikiwa zimekufa zote mbili je? Setilaiti ya Ulaya, Envisat, tani 8 hivi, ilinyamaza 2012 na bado ipo huko huko karibu na kimo cha ile ajali. Kule kwenye kilomita 400 kuna hewa kidogo inayokivuta kitu mpaka kinashuka na kuungua ndani ya miaka michache, ila ukifika 800 unaongelea karne na zaidi, na mwanasayansi wa Marekani Donald Kessler alishaonya tangu 1978 kwamba vipande vitazaa migongano na migongano itazaa vipande vingine.

Halafu kuna nchi zinalipua setilaiti za kwao makusudi! China 2007, Urusi 2021, hiyo ya Urusi mpaka wanaanga wa kituo cha kimataifa cha anga wakakimbilia kwenye vyombo vyao. Inakera sana.

Marekani 2022 walipitisha sheria kwamba setilaiti za obiti ya chini (zile zinazozunguka karibu na Dunia) zishushwe ndani ya miaka 5 baada ya kumaliza kazi, safi, lakini hiyo ni ya hizi mpya. Zile za zamani kwa mkataba wa anga za juu wa 1967 bado ziko chini ya mamlaka ya nchi iliyozisajili hata zikifa, huwezi kwenda kuokota ya mwenzio bila ruhusa, so Urusi, Marekani na China waanze na za kwao, tena waanze na yale maroketi mazito yaliyoachwa huko juu.