Modeli yangu haikujua kwamba zahanati hufungwa usiku

Katika modeli yangu ya takwimu, namba inayopima uzito wa umbali ilitoka chanya. Maana yake, eti kituo cha kujifungulia kikiwa mbali zaidi ndivyo familia inavyokipenda. Nilikagua data mara tatu. Kosa halikuwa huko.

Nilikuwa nachunguza jinsi familia za uwanda wa Kano nchini Kenya, upande wa Ahero, zinavyochagua mahali pa kujifungulia: nyumbani, zahanati, kituo cha afya au hospitali kubwa Kisumu mjini. Huduma ya uzazi katika vituo vya umma ilitangazwa kuwa bure Juni 2013. Nchini kote, watoto wanaozaliwa vituoni walipanda kutoka asilimia 61 katika utafiti wa mwaka 2014 hadi asilimia 82 katika ule wa 2022. Kwa hiyo swali zito sasa ni kituo kipi.

Nilitumia logiti, modeli ya takwimu ya kukadiria machaguo ya watu, ya Daniel McFadden, mchumi wa Marekani aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2000. Kila mahali hupewa alama kwa umbali, gharama na huduma zake, kisha modeli hukadiria uwezekano wa familia kupachagua. Nilidhani tatizo ni ubora, nikaongeza dawa, umeme na wauguzi. Ile chanya ikabaki pale pale.

Ndipo nikarudi kijijini na daftari tu. Nyanya mmoja alinifungulia kijitabu cha kliniki cha mkaza mwanawe, akaweka kidole penye tarehe ya kuzaliwa. "Siku hii uchungu ulianza saa nane usiku, mwanangu. Zahanati ilikuwa na kufuli. Tungebisha hodi kwa nani?"

Zahanati ile iko karibu na boma lake, unaiona ukiwa umesimama mlangoni. Kwenye modeli yangu ilikuwa chaguo bora kuliko yote. Usiku ule haikuwa chaguo kabisa.

Nikaandika upya orodha ya machaguo ya kila familia kulingana na saa uchungu ulipoanza. Kituo kisicho na zamu ya usiku kikatoka. Kilomita za ramani nazo nikaziacha, nikaweka dakika za bodaboda, za kiangazi kando na za masika kando, kwa sababu udongo mweusi wa Kano ukinyeshewa hung'ang'ania gurudumu na safari huisha kwa miguu. Mwisho nikaziweka zahanati na vituo vya afya katika kapu moja, hospitali kando, maana logiti ya kawaida hudhani zahanati mpya itainyang'anya hospitali wazazi kwa kiwango kile kile inachoinyang'anya zahanati jirani. Hilo si kweli, na yeyote aliyewahi kulea mimba ya hatari anajua kwa nini.

Uzito wa umbali ukageuka hasi. Nilikaa nikiitazama ile alama ya kutoa kwa muda mrefu. Wale mama niliokuwa nimewaandika kama "waliopita zahanati" hawakuwa wamepita mlango wowote uliokuwa wazi.

Sasa dodoso langu linaanza hivi: uchungu ulianza saa ngapi, na ni nani aliyetoka kutafuta bodaboda?