Tulivyomaliza ugomvi wa mizigo ya mkonge

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haikuambii mzigo wa mkonge uhesabiwe vipi. Hapo ndipo ugomvi wetu ulipokaa. Nilikuwa katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi kwenye shamba moja hapa Tanga. Mzigo ni majani 30, mkataji analipwa kwa mizigo. Jioni karani anapita, anakataa huu, anakataa ule, eti majani mafupi. Halafu mizigo hiyo hiyo iliyokataliwa inapakiwa kwenye trekta na kwenda korona, yaani mtambo wa kutoa nyuzi, kusagwa. Hilo la trekta ndilo lililowauma watu kuliko hata pesa yenyewe.

Maneno ya kugoma yakaanza. Nikawaambia wenzangu kwamba mgomo una njia yake: kwanza usuluhishi mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile tunayoiita CMA, halafu kura, halafu notisi ya saa 48. Ukiruka hatua, unampa mwajiri fimbo ya kukuchapia. Lakini meneja naye alikuwa na hofu yake. Jani la mkonge likishakatwa haliwekwi. Likikauka, korona hailitoi nyuzi vizuri. Kwa hiyo kila upande ulikuwa na sababu ya kukaa chini kabla ya kulazimishwa.

Nikaandika barua fupi kupendekeza tutafute mtu wa kati wenyewe. Hakuna sheria inayokataza hilo. Jina letu la kwanza meneja alilikataa, kwa kuwa aliwahi kuwa kiongozi wa chama. La kwake tukalikataa sisi, alikuwa mwanasheria wa kampuni. Tukaangukia kwa afisa kazi mmoja mstaafu wa Ngamiani, mzee mtaratibu asiyependa makelele. Posho yake tulichanga nusu kwa nusu, na nilisisitiza sana hilo, maana anayelipwa na upande mmoja huonekana mtu wao hata kama si mtu wao.

Tulidhani atatuita ofisini. Akasema twende shambani, asubuhi, kabla jua halijakaza. Akaomba aletewe mzigo uliokataliwa jana yake, akaufungua chini, akamwita karani.

"Mwanangu, wewe unapima na nini?"

Karani akanyoosha mkono, akaonyesha toka kiwikoni hadi ncha ya kidole, kisha kiganja juu yake. Wakataji wakaangua kicheko. Makarani walikuwa wawili, mmoja mrefu kama mnazi na mwingine mfupi, na watu walishazoea kuambiana asubuhi, "Leo tumepangiwa mrefu, tumekwisha." Meneja hakuwa akilijua hilo. Nilimwona akiutazama mkono wa karani, halafu wa mwenzake, na toka hapo sauti yake ikashuka.

Tukakata fimbo ya kipimo kwa urefu tuliokubaliana, moja ya karani, moja ya wakataji. Mzigo wenye utata unawekwa kando na kufunguliwa mbele ya mwenyewe. Ukikataliwa kweli, haupandi trekta. Sharti hilo la mwisho lilipunguza kukataliwa kwa mizigo kuliko fimbo, kwa maoni yangu, kwa sababu sasa kukataa kuligharimu pande zote mbili. Malipo ya nyuma tulipata sehemu tu, na wapo waliolalamika kwamba nimeuza. Tuliandika yote, tukasaini na mashahidi.

Wakati huo wote fomu ya CMA namba 1, ile ya kupeleka mgogoro Tume, ilikuwa kwenye mkoba wangu, imejazwa. Watu wengi wanaumia hapa: mazungumzo ya hiari hayasimamishi siku. Mgogoro wa kuachishwa kazi unapelekwa Tume ndani ya siku 30, mingine ndani ya siku 60, na mwajiri mjanja anaweza kukupigisha soga mpaka zikaisha. Weka tarehe ya ukomo ya mazungumzo ndani ya barua yako ya kwanza. Mwajiri apewe nakala ya fomu kwanza, na ushahidi kwamba ameipokea uende nao.

Wenzetu wa korona nao wakataka wapitie kwa mzee yule yule. Lao lilikuwa la saa za ziada: walilipwa kiwango cha kawaida, wakati sheria inataka mara moja na nusu. Meneja akapendekeza wakutane katikati. Mzee akakataa hata kukaa, akasema hilo si la kusuluhisha, ni la kulipa. Nikamuunga mkono. Ukianza kupatana bei juu ya kile sheria imeshakupa, utatoka na pungufu na utashukuru. Nikatoa fomu nyingine mkobani, tukajaza majina ya watu wa korona, nikampelekea meneja nakala yake, akasaini kwamba ameipokea.